AJALI INA KINGA
Neno juu ya spesa za magurudumu, kwa waamini na viongozi walei wa Mwankoko



Ipo methali moja katika lugha yetu ambayo imetumika kufunika makosa mengi. Husemwa msibani, husemwa kituoni polisi, husemwa na mwenye gari anapokuja kutoa rambirambi: ajali haina kinga. Mara nyingi anayeisema hana nia mbaya. Anatafuta neno la kuwatuliza wafiwa. Lakini inaposemwa juu ya gari ambalo mwenyewe amelibadili kwa makusudi ili libebe kuliko lilivyoundwa kubeba, methali hiyo si faraja tena. Imekuwa pazia. Nyuma ya pazia hilo yupo mtu aliyeamua, yupo aliyelipwa, na yupo aliyenyamaza. Katika kijarida hiki tunataka kulivuta pazia hilo kando.

Jambo lenyewe ni dogo kwa umbo, nalo laweza kushikwa kwa mkono mmoja. Ni kile kipande cha chuma cha duara, chenye matundu, kinachowekwa kati ya habu na rimu ya gurudumu ili gurudumu litoke nje zaidi. Mafundi hukiita spesa. Wako watakaouliza: Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani na spesa? Je, hayo si mambo ya gereji? Jibu letu ni kwamba haki haikai mahakamani na bungeni tu. Inakaa pia pale ambapo mtu mmoja anapata faida na mwingine anabebeshwa hatari bila kuulizwa. Hapo ndipo ilipo spesa.

1. KWA NINI SPESA HUWEKWA

Sisi wa Mwankoko tunajua magari yanavyokuwa wakati wa mavuno. Alizeti, mtama, uwele na vitunguu vinataka kufika mjini Singida kabla bei haijashuka. Malori madogo yanaingia mashambani, yanajazwa, na juu ya magunia wanapanda watu: wakulima wenyewe, wapakiaji, akina mama wanaokwenda mnadani, wakati mwingine na watoto. Msimu wa mavuno ukipita, malori hayo hayo hubeba mchanga, mawe na kokoto.

Mwenye gari huweka spesa kwa sababu moja kati ya tatu. Ya kwanza, ameinua bodi ya gari kwa mbao au vyuma ili libebe magunia mengi zaidi, akaona gari linayumba kwenye kona. Anatanua magurudumu ili lisimame kwa upana. Ya pili, amepata tairi au rimu zisizo za gari hilo, kubwa kuliko kipimo, nazo zinagusa springi au chesisi. Au yale magurudumu pacha ya nyuma yanabusiana na kupata moto. Fundi anatia chuma katikati yaachane. Ya tatu ni mapambo: gari lionekane limetanua mabega.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Si kila chuma kilicho kati ya magurudumu ni kosa. Zipo aina za malori ambayo kiwanda chenyewe kiliyaunda yakiwa na pete ya kutenganisha magurudumu pacha. Pete hiyo ilipimwa pamoja na habu, stadi na beringi zake. Kuna nchi pia zinazoruhusu spesa kwa masharti. Ujerumani, kwa mfano, inadai spesa iwe na hati za kiufundi na ikaguliwe ikiwa imekwisha kufungwa kwenye gari. Australia imekuwa kali zaidi: kanuni zake za kubadili magari kwa kawaida haziruhusu spesa ambayo haikuwekwa na kiwanda kilichounda gari. Basi dunia haina neno moja juu ya kila spesa. Lakini hata huko zinakoruhusiwa, haziruhusiwi kwa neno la muuzaji wala kwa jicho la fundi. Sisi tunazungumza juu ya chuma kisicho na hati, kisichojulikana kimetengenezwa kwa madini gani, pengine kimekatwa kwa msumeno kutoka bamba la chakavu na kutobolewa kwa makisio, kisha kikatiwa katika gari linalobeba roho za watu.

2. CHUMA KINAVYOCHOKA

Ndugu waamini, tunawaomba mtuvumilie kidogo tuingie katika ufundi, kwa kuwa mtu asiyejua namna jambo linavyofanyika hudanganywa kwa urahisi.

Watu wengi hudhani gurudumu limetundikwa juu ya zile skrubu nene zitokazo kwenye habu, ambazo mafundi huziita stadi, kama vile kanzu inavyotundikwa kwenye msumari. Sivyo. Nati zinapokazwa ipasavyo, stadi huvutika kidogo sana, na mvuto huo ndio unaoubana uso wa rimu juu ya uso wa habu kwa nguvu kubwa. Mbano huo ndio unaobeba gari. Maadamu mbano upo, rimu haisogei hata unywele mmoja, nayo stadi haipindwi. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza. Kila gurudumu linapozunguka, stadi hupindwa huku na huku, kama mtu anayekunja waya na kuukunjua mpaka ukatike. Waya haukatiki kwa mkunjo wa kwanza. Unakatika kwa mkunjo wa mwisho, na mikunjo yote ya kabla yake ilishiriki kuukata.

Sasa angalia spesa inavyoingilia kazi hiyo. Palipokuwa na nyuso mbili zinazokutana, sasa zipo nne. Kila mahali nyuso zinapokutana pana rangi, kutu au vumbi. Mzigo ukishafanya kazi, uchafu huo husagika, na mbano hulegea. Ikiwa spesa imevalishwa juu ya stadi zile zile za zamani, imemeza sehemu ya urefu wake: spesa ya sentimita 2 imekula sentimita 2 za stadi, na nati sasa inashika hesi chache tu za mwisho. Ikiwa spesa ina stadi zake yenyewe, basi zile nati zinazoifunga spesa kwenye habu zimefichwa nyuma ya rimu. Dereva anaweza kukaza nati za nje kila asubuhi, akaondoka na moyo mweupe, kumbe za ndani zimelegea tangu juzi. Tena habu nyingi zina ukingo katikati unaolikalisha gurudumu mahali pake sawasawa. Spesa iliyochongwa kienyeji mara nyingi haina ukingo huo, na gurudumu hukaa upande bila mtu kuona.

Kuna jambo la pili, nalo kila mama wa Mwankoko analijua bila kwenda chuo cha ufundi. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani unaweza kutembea nayo. Ukiishika kwa mkono ulionyooshwa mbele, hutafika mbali, ingawa maji ni yale yale. Uzito haukuongezeka, umbali wake kutoka mwilini ndio ulioongezeka. Beringi za gurudumu ziliwekwa mahali ambapo uzito wa gari unazikalia vizuri. Spesa inaponyoosha mkono huo kwa sentimita 3 au 5 kila upande, beringi, habu na stadi hubeba kwa shida mzigo ule ule zilioubeba kwa urahisi. Ikiwa spesa imewekwa mbele, usukani nao huvutwa kila gurudumu linapogonga shimo au jiwe, na barabara zetu za udongo mashimo zinayo ya kutosha.

Mwisho wa mambo hayo ni gurudumu kuchomoka. Gurudumu la lori kubwa pamoja na tairi lake huweza kufika kilo 100 au zaidi. Likichomoka gari likiwa katika mwendo, halianguki pale pale. Linaendelea kwa mwendo ule ule wa gari, linarukaruka, halina breki wala usukani. Lile gari lililobaki linainama upande, na waliokaa juu ya magunia hawana mkanda, hawana ukuta, hawana hata mahali pa kushika.

3. LUMBESA YA MAGURUDUMU

Mtetezi wa spesa atasema: lakini gari lililotanuliwa husimama imara zaidi. Tunakubali kwamba upana husaidia gari lisipinduke upesi. Tunauliza tu: upana huo umetumiwaje? Je, mwenye gari aliyetanua magurudumu amebaki na mzigo ule ule, akasema, sasa abiria wangu wako salama zaidi? La hasha. Ameongeza tuta jingine la magunia. Ule usalama mdogo alioununua kwa spesa ameuuza siku hiyo hiyo kwa nauli ya mzigo. Kilichobaki ni gari refu zaidi kwenda juu, zito zaidi, lililosimama juu ya stadi dhaifu zaidi.

Wakulima wa vitunguu, ninyi mnaijua lumbesa. Mnajua gunia linavyoshonewa kofia ya wavu likawa gunia moja na nusu, likalipwa kama gunia moja. Mmelalamika, na mlikuwa na haki. Sheria za vipimo zinakataza mazao kufungashwa kupita kilo 100. Spesa ni ndugu wa lumbesa. Lumbesa hushonea gunia kofia ili libebe kuliko kipimo chake. Spesa hushonea gari mguu ili nalo libebe kuliko kipimo chake. Tofauti ni kwamba lumbesa inamwibia mkulima jasho, na spesa inaweza kumwibia uhai. Hatuwezi kuilaani lumbesa sokoni, kisha tukapanda juu ya lumbesa kurudi nyumbani.

Wengine hujitetea kwa mizani. Husema: tulipita Njuki, mizani haikutukamata. Ni kweli kwamba nchi za Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Sheria hiyo inaweka tani 10 kuwa ukomo wa ekseli moja yenye magurudumu manne, na tani 56 kuwa ukomo wa gari zima pamoja na mzigo. Lakini sheria hiyo inalinda kwanza barabara isivunjwe. Tani 10 ni ukomo wa lami. Si uwezo wa kila ekseli. Kigari ambacho kiwanda kilikipa uwezo wa tani 4 hakigeuki kuwa cha tani 10 kwa sababu lami inazivumilia. Tena mizani hupima kilichobebwa. Haiulizi gurudumu limefungwa na nini. Na gari linalotoka shambani Mwankoko kwenda mjini Singida halina mizani ya kupitia njiani.

Nchi yetu imekwisha kulipa gharama ya hesabu za namna hii. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia Ukara. Kilikuwa na kibali cha abiria 101; waliokufa walizidi 220. Hakuna jabali lililoinuka ziwani usiku ule wa kuamkia safari. Kilichokuwapo ni idadi iliyoandikwa kwenye cheti, na watu waliodhani kwamba idadi hiyo ni pendekezo. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni karibu na Arusha, lori lililoelezwa kuwa breki zake zilishindwa liliyagonga magari mengine, wakafa watu 25. Hatusemi ajali hizi zilisababishwa na spesa. Tunasema zinatufundisha somo moja: chombo kina kipimo, na kipimo hakibembelezwi.

4. VISINGIZIO VINNE

Kisingizio cha kwanza: ni mapenzi ya Mungu. Kama Mungu hangetaka, gurudumu lisingechomoka. Ndugu waamini, hili ni kufuru iliyovikwa joho la ibada. Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, inamwamuru ajengaye nyumba aweke ukuta pembeni mwa dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Haisemi, mwenye kuanguka ameandikiwa. Kitabu cha Kutoka nacho kinazungumza juu ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu pembe. Mwenyewe akiwa hakujua, ng'ombe huuawa naye husalimika. Lakini akiwa ameonywa asimfunge, hatia ni yake. Mwenye gari akisha kusoma kijarida hiki, ameonywa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba mtu anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi ana hatia nzito. Sioni, asema mwenye akili, kwa nini anayehatarisha kwa kupenda mno magunia asamehewe kwa urahisi zaidi.

Kisingizio cha pili: gari hili lina spesa mwaka wa pili sasa, na halijapata neno. Tumekwisha kusema habari ya waya. Mpini wa jembe haukuvunjika jana, wala juzi. Lakini ufa ulikuwamo. Miaka miwili ya kupita salama haithibitishi kwamba stadi ni nzima. Inaonyesha tu kwamba imekunjwa kwa miaka miwili.

Kisingizio cha tatu: spesa zinauzwa dukani, mchana kweupe, kama zingekuwa mbaya, serikali ingezikataza. Hata sumu ya panya huuzwa dukani mchana kweupe. Kuuzwa kwa kitu si ushahidi kwamba kila atakayekitumia popote anafanya vema. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuhitaji kutaja spesa kwa jina. Inatosha kwamba inakataza gari bovu au la hatari kuendeshwa barabarani. Anayengoja kila chuma kitajwe katika sheria ndipo awe na dhamiri, huyo hana dhamiri. Ana woga wa polisi tu.

Kisingizio cha nne ndicho kizito, nacho hatukichezei: sisi ni maskini. Mkulima hana gari jingine, mwenye gari ana mkopo, na nauli ikipanda mazao yataoza. Tunaujua umaskini huu. Tunaishi ndani yake pamoja nanyi. Lakini tuuchunguze. Faida ya lile tuta la ziada la magunia huingia mfuko gani? Je, mkulima hulipa nusu ya nauli kwa sababu amepanda gari la hatari? Halipi nusu. Analipa ile ile. Utingo naye haongezewi ujira kwa sababu amelala juu ya mzigo uliopita kimo. Faida inakwenda juu, kwa mwenye gari, na hatari inashuka chini, kwa aliyekaa juu ya magunia na kwa mtoto anayetembea kando ya njia akirudi shuleni. Kama umaskini ungekuwa sababu ya kweli, maskini wangekuwa wa kwanza kufaidika. Kinyume chake, wao ni wa kwanza kuzikwa.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba karibu wote, zaidi ya tisa katika kila kumi, hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Je, Mungu amewachagua maskini wapate ajali? Au ni kwamba kinga imenunuliwa na wengine, sisi tukaachiwa methali?

5. DEREVA NA FUNDI

Hatupendi lawama yote imwangukie dereva, kama ilivyo desturi. Gari likianguka, dereva akipona, hukimbia, asipokimbia hupigwa, akifika mahakamani yuko peke yake. Mwenye gari yuko nyumbani. Lakini nani aliyeagiza spesa? Nani anayedai hesabu ya jioni isiyopungua, hata gari likibeba kidogo? Dereva akisema magurudumu yanacheza, huambiwa aache funguo, wako wengine wanaotaka kazi.

Kanisa limekwisha kusema juu ya jambo hili tangu Papa Leo XIII alipotoa waraka wake juu ya wafanyakazi, Rerum Novarum, mwaka 1891: mwajiri hana ruhusa ya kumtumia mtu kana kwamba ni chombo cha kuchumia mali. Sheria za nchi yetu nazo, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, zimemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Chumba cha dereva ni mahali pa kazi. Na juu ya magunia, pale anapolala utingo, hapapaswi kuwa mahali pa mtu yeyote.

Kwa fundi tunasema kwa upendo na kwa uwazi. Wewe unajua. Mwenye gari anaweza kujitetea kwamba hakusomea. Abiria hakika hakujua. Lakini mkono wako ndio uliogusa ile nati, ukahisi kwamba imeshika hesi nne tu. Ukikataa kazi ya namna hiyo utapoteza fedha ya siku moja. Tunajua fedha ya siku moja ni chakula cha watoto. Ndiyo maana hatukuachi ukatae peke yako. Tunawaomba mafundi wakatae pamoja, ili mwenye gari asimhame mmoja kumwendea mwingine.

6. YATUPASAYO KUTENDA

Kulalamika bila kutenda si kazi ya Tume hii. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwa halmashauri ya walei na viongozi wa vyama vya kitume: parokia isikodi lori la mizigo kubeba watu, si kwaya, si watoto wa Kipaimara, si mahujaji, si wasindikizaji wa maiti. Ni afadhali waende wachache kwa basi kuliko wengi juu ya bodi. Hata gari la kuleta saruji au mahindi ya parokia likaguliwe kwanza. Lenye spesa lisipewe kazi. Fedha ya sadaka isilipie hatari.

Kwa kila mwamini: jifunze kuangalia. Simama nyuma ya gari. Ukiona tairi imetoka nje ya bodi isivyo kawaida, uliza. Chungulia kati ya rimu na habu. Ukiona pete ya chuma cha rangi tofauti, uliza. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kuelekea nje ni dalili kwamba nati zinalegea. Stadi iliyokatika, hata moja, ni onyo kwamba nyingine zimezidiwa. Ukiambiwa panda tu, twende, usipande.

Kwa wenye magari: ondoeni spesa, rudisheni rimu na tairi za kipimo cha gari, na shusheni bodi. Someni kile kibati cha kiwanda kinachotaja uwezo wa gari, nanyi mkitii. Gurudumu likifungwa, nyuso zisafishwe, nati zikazwe kwa mpango wa msalaba kwa spana yenye kipimo, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Rangi hiyo haigharimu kitu ukilinganisha na jeneza moja.

Kwa wakulima: jiungeni mkodi gari kwa pamoja kupitia chama chenu cha ushirika au jumuiya, ili muwe na sauti juu ya gari gani lije na libebe kiasi gani. Mkulima mmoja hawezi kumkatalia mwenye gari. Ishirini wanaweza.

Kwa wakaguzi wa magari wa polisi na kwa LATRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2019 kusimamia usafiri wa nchi kavu: tunaheshimu kazi yenu, na tunaomba iwe kazi ya kuinama. Spesa haionekani kwenye karatasi wala kwenye stika ya kioo cha mbele. Inaonekana kwa mtu aliyepiga goti kando ya gurudumu. Na yule anayepokea chochote ili asiiname, ajue kwamba ameuza kitu kisicho chake. Ameuza uhai wa abiria.

Malori yanayoshuka Sekenke, yanayokwenda Nzega na Mwanza, yanayokuja kutoka Manyoni na Babati, hatuwezi kuyasimamisha yote. Lakini gari linaloingia Mwankoko kuchukua vitunguu vyetu, hilo liko mikononi mwetu. Mwankoko inayotoa maji ya visima vyake kwa mji wa Singida inaweza pia kutoa mfano. Tukikataa kupakia na kupanda, spesa zitaondolewa wiki hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye gari haogopi mahubiri kama anavyoogopa gari tupu.

Ajali ina kinga. Kinga yake ni mtu anayesema hapana kabla ya gari kuondoka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Ni magari gani yanayobeba mazao na watu wa jumuiya yetu? Ni nani aliyewahi kuyakagua magurudumu yake?

2. Tunaposema ajali haina kinga msibani, ni nani tunayemfariji, na ni nani tunayemficha?

3. Katika faida ya kila safari, mwenye gari anapata nini, dereva na utingo wanapata nini, mkulima anapata nini? Katika hatari ya safari hiyo, kila mmoja anabeba nini?

4. Ni neno gani moja ambalo jumuiya yetu itaamua leo, na ni nani atakayelisimamia mpaka msimu wa mavuno uishe?

Ni sisi wenu katika Kristo,
Tume ya Haki na Amani